Mpanda Farasi Aliyerudi Shambani: Namna ya Kuuandika Ukoo Wake

Wazee wetu, shikamooni. Mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliobanana kule mlangoni, karibuni.

Ukitoka hapa Lexington ukashika barabara namba 27 kwenda kusini, ukaipita Nicholasville, baada ya maili kama 20 utaiona Camp Nelson. Leo ni viwanja vya majani, nyumba moja nyeupe na makaburi yaliyopangwa mistari. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, wanaume weusi zaidi ya 10,000 waliandikishwa jeshini pale, wengi wakiwa wametoroka usiku kutoka mashamba ya mabwana zao. Wengi waliwekwa katika vikosi vya miguu, wengine mizinga, na rejimenti mbili zikawa za farasi: ya 5 na ya 6 ya Wapanda Farasi Weusi wa Marekani. Vita vilipokwisha walirudi kwenye kazi waliyoijua, kilimo. Wengine walibaki humuhumu Kentucky na tumbaku, wengine wakahamia Kansas kutafuta ardhi ya bure.

Watoto wetu sasa wanaoa na kuolewa na vitukuu vya watu hao. Mkwe anakuja na picha moja iliyofifia na sentensi moja: babu wa babu alikuwa askari wa farasi, kisha akalima. Basi. Kwetu jambo kama hilo ungelipeleka kwa shangazi mkubwa, akae mkekani, akuhesabie ukoo mpaka chai ipoe. Hapa pia shangazi apelekewe, tena kwanza, kabla hajasahau. Lakini kwa mkulima wa karne ya 19 shangazi atakufikisha 1910 au 1900, halafu ananyamaza. Kuanzia hapo mwenye habari ni karani.

Karani naye hakumwandika mkulima kwa mapenzi. Alimwandika pale tu pesa ilipokuwa inapita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine: mshahara, kodi, ardhi, pensheni, mazishi, hata fidia aliyodai bwana kwa kumpoteza mtumwa wake. Kwa hiyo kila karatasi mtakayoishika, kabla hamjasoma jina, ulizeni nani alikuwa analipwa na nani alikuwa analipa. Jibu litawaambia sehemu gani ya karatasi muiamini na sehemu gani mtu alikuwa na sababu ya kuipinda.

Tuanzie kaburini turudi nyuma. Wanaoanza na utumwa wakitaka kushuka mpaka leo hupotea, kwa sababu huko nyuma hakuna majina ya ukoo ya kushikilia. Kentucky na Kansas zote zilianza kusajili vifo kwa jimbo zima mwaka 1911. Mzee akifa baada ya hapo ana cheti, na cheti kina majina ya wazazi wake. Msiyapokee hivi hivi. Chini ya cheti kuna jina la mtoa habari, mara nyingi binti au mkwe ambaye hakuwahi kuwaona wazazi hao. Alikuwa amefiwa jana, anaulizwa maswali na mzika maiti. Majina yale ni fununu nzuri, si ushahidi.

Jiwe la kaburi la askari linatambulika haraka. Ni jiwe jeupe, na juu yake ngao iliyochongwa kuzama ndani, maandishi yakiinuka. Tangu 1879 serikali ilitoa mawe haya hata kwa askari waliozikwa makaburi ya kanisa au ya familia. Mara nyingi hayana tarehe wala aya ya Biblia. Lina jina, herufi ya kombania na rejimenti. Hapa ndipo kosa la kwanza linapofanyika. Herufi C katikati ya "5 U.S.C. CAV." ndiyo inayosema kikosi cha weusi. Ukiiruka, unaenda kutafuta katika Rejimenti ya 5 ya farasi ya jeshi la kudumu, ambayo ni nyingine kabisa, na unarudi mikono mitupu ukidhani mzee alidanganya. Kuna pia ya 5 ya Massachusetts, nayo ya weusi, nayo ya farasi. Jiwe likiwa limeliwa na mvua, msilisugue kwa brashi ya waya wala dawa ya kufulia. Limulikeni na kioo kutoka ubavuni, kivuli kitainua herufi. Na mkiona kombania J, someni tena, ni I. Rejimenti ya farasi ilikuwa na kombania 12, A mpaka M, na J haikutumika, kwa sababu kwa mwandiko wa mkono hizo mbili zilifanana mno.

Mkishapata jina, kombania na rejimenti, mnaomba jalada la utumishi kutoka Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Washington. Mengi ya vikosi vya weusi yameshapigwa picha na yako mtandaoni. Jalada ni bahasha ya kadi. Miaka ya baada ya vita makarani walinakili kila daftari la kombania kwenye kadi, jina kwa jina, ili idara ya pensheni iweze kujibu maombi. Kwa hiyo mnachosoma ni nakala, na nakala ina makosa ya nakala: "Garrard" imekuwa "Gerard", umri 28 umekuwa 23.

Kadi ya kwanza kuisoma ni ya maelezo ya mwili. Mathalan, na huyu ni wa kutunga: miaka 23, futi 5 inchi 7, ngozi nyeusi, macho meusi, alizaliwa kaunti ya Madison, kazi mkulima, aliandikishwa Camp Nelson Septemba 1864 kwa miaka mitatu. Hapa kuna maneno mawili ya kuangalia. La kwanza ni "mkulima". Kwenye jalada la mtu aliyekuwa mtumwa mwezi uliopita, neno hilo halimaanishi alikuwa na shamba. Maana yake alishika jembe la mtu mwingine. Nimeona historia za ukoo zikisema babu "alimiliki ardhi kabla ya vita" kwa sababu ya neno hilo moja tu. La pili ni urefu. Wengi hulipita, na ni la thamani kuliko umri. Umri wa mtumwa ulikadiriwa kwa macho, lakini urefu ulipimwa. Miaka 30 baadaye daktari wa pensheni atampima tena. Wanaume wawili wa jina moja katika kaunti moja, mmoja futi 5 na inchi 7, mwingine futi 6, watenganisheni hapo. Uzee unaweza kupunguza inchi moja au mbili, haupunguzi tano.

Kadi zinazofuata ni za mahudhurio, kila miezi miwili: yupo, hayupo, yuko hospitali. Chini kuna madeni. Kupoteza hatamu, kuvunja bunduki, vyote vilikatwa kwenye mshahara. Msizidharau kadi hizo. Askari anayekatwa hela ya matandiko alikuwa amepewa matandiko, maana yake wakati huo kikosi chake kweli kilikuwa na farasi. Si kila rejimenti ya farasi ilikuwa na farasi siku zote.

Farasi mwenyewe alikuwa shamba linalotembea. Kipimo cha jeshi kilikuwa ratili 14 za nyasi kavu na ratili 12 za nafaka kwa siku, kama kilo 6.4 na kilo 5.4. Zidisheni kwa kombania ya watu 80: zaidi ya kilo 900 za chakula kila siku, kabla ya binadamu kula. Chakula kisipofika, farasi anakonda, tandiko linalegea, mgongo unachubuka, kidonda kinaoza, na mpanda farasi anatembea kwa miguu. Kijana aliyelelewa shambani alijua kukunja blanketi mara ngapi chini ya tandiko na kuinua kwato kutazama jiwe. Kijana wa mjini aliua farasi wawili kabla hajajifunza. Kwa hiyo msishangae mkikuta babu aliyekuwa mtumwa wa shamba amepandishwa cheo na kuwa koplo au fundi wa kwato mapema. Na huyo fundi wa kwato mtamkuta tena kwenye sensa ya 1880, kijijini, akiwa mhunzi.

Upande wa Kusini, yaani majimbo yaliyopigana na serikali ya Marekani, ulikuwa na utaratibu mwingine, na ukoo wa mkwe wenu unaweza kuwa wa huko. Askari wa farasi wa Kusini alikuja na farasi wake mwenyewe, serikali ya Kusini ikimlipa senti 40 kwa siku kwa matumizi yake. Farasi akiuawa vitani alifidiwa. Akifa kwa njaa au kilema, hasara ni ya askari, na akishindwa kupata mwingine alihamishiwa kikosi cha miguu. Kwa hiyo mkulima wa Virginia aliyeanza vita katika farasi akamaliza katika miguu huenda hakuadhibiwa kwa lolote. Farasi wake alikufa tu. Na ile kutokuwepo kwa siku 30 katikati ya 1863, kabla hamjaiita utoro, angalieni kama alipewa ruhusa ya kwenda nyumbani kutafuta farasi.

Turudi kwa wetu wa Camp Nelson, kwa sababu kuna siku moja inayowasumbua wote wanaotafuta Rejimenti ya 5. Tarehe 2 Oktoba 1864, kama watu 400 wa rejimenti hiyo walipigana Saltville, Virginia, kwenye mitambo ya chumvi. Njiani wenzao weupe waliwadhihaki, wakawapokonya kofia na hata farasi. Walikuwa wamepewa bunduki ndefu za askari wa miguu, ambazo huwezi kuzishindilia ukiwa juu ya farasi. Ilibidi washuke. Na wapanda farasi wakishuka, kila mtu wa nne hubaki nyuma ameshika farasi wa wenzake, kwa hiyo robo ya kikosi haipigi risasi. Hata hivyo walipanda kilima. Kanali Brisbin wa rejimenti hiyo aliandika katika ripoti yake kwamba kati ya 400 walianguka askari 114 na maofisa 4. Kesho yake majeruhi weusi walioachwa uwanjani waliuawa na watu wa Kusini. Champ Ferguson, mmoja wa wauaji, alinyongwa Nashville Oktoba 1865.

Sasa angalieni tarehe. Rejimenti ilikamilishwa rasmi tarehe 24 Oktoba 1864, wiki tatu baada ya vita hivyo. Waliopigana walikuwa wameandikishwa, lakini vitabu vya kombania vilikuwa havijakaa sawa. Ndiyo maana mwingine jalada lake lina kadi mbili tu, ya kuandikishwa na ya "haonekani", na hakuna kitu kingine. Mwingine anaonekana ametoroka, kumbe amelala kwenye kilima kile. Neno "mtoro" kwenye jalada la askari wa Rejimenti ya 5 la msimu huo lisomeni kwa tahadhari, mpaka mtazame kama mjane wake aliwahi kudai pensheni na idara ya vita ikalifuta neno hilo. Waliosalia waliachishwa jeshi Helena, Arkansas, tarehe 20 Machi 1866.

Pensheni. Hapa tukae, maana jalada la pensheni lina nyama kuliko mengine yote yakiwekwa pamoja.

Sheria ya kwanza ya vita hivyo, ya Julai 1862, ilimlipa askari wa kawaida dola 8 kwa mwezi kama hajiwezi kabisa, na alipaswa kuthibitisha kwamba ulemavu ulitoka jeshini. Mkulima aliyewahi kupanda farasi alileta malalamiko yanayojirudia: ngiri kwa kugongwa na pembe ya tandiko, bawasiri, baridi yabisi ya kulala kwenye tope, kuhara kusikokoma, mguu uliolaliwa na farasi aliyeanguka. Madaktari watatu walimkagua uchi, wakaandika mapigo ya moyo, uzito, urefu, wakachora makovu kwenye picha ya mwili wa mtu iliyochapwa kwenye fomu, kisha wakapima ulemavu kwa sehemu za 18. Mkiona "6/18" si tarehe. Juni 1890 sheria ikalegea: aliyetumikia siku 90 na kuachishwa kwa heshima alipwe kati ya dola 6 na 12 kwa ulemavu wowote unaomzuia kazi ya mikono, hata kama ulimpata akipanda mahindi. Maombi yakamiminika. Februari 1907 umri peke yake ukatosha: dola 12 ukifika 62, dola 15 ukifika 70, dola 20 ukifika 75.

Ule mpangilio niliousema wa kuuliza nani analipwa unaanza kufanya kazi hapa. Mwaka 1864 kijana wa miaka 16 alisema ana 18 ili apokelewe jeshini. Mwaka 1907 mzee huyohuyo ana kila sababu ya kuwa na 62 badala ya 59. Kwa hiyo tarehe ya kuzaliwa isichukuliwe kwenye karatasi iliyokuwa inalipia umri. Chukueni ile iliyotolewa wakati umri haukuwa na bei, mfano sensa ya 1900, iliyouliza mwezi na mwaka wa kuzaliwa. Kinyume chake, fomu ambazo idara ya pensheni iliwatumia askari wenye pensheni 1898, na nyingine 1915, ni za kuaminika sana kwa majina ya watoto. Waliulizwa: umeoa, nani, lini, wapi, nani aliwafungisha, ulioa kabla, watoto wako walio hai ni nani na walizaliwa lini. Lengo lilikuwa kuzuia wajane wa uongo. Kwetu ni mti wa ukoo uliosainiwa na mwenyewe, au uliotiwa alama ya X mbele ya mashahidi wawili.

Kwa watu walioachwa huru kuna zaidi. Mjane hakuwa na cheti cha ndoa, kwa sababu sheria ya Kentucky haikutambua ndoa ya mtumwa. Bunge la taifa lilikubali mwaka 1866 kwamba ushahidi wa kuishi kama mume na mke unatosha. Basi alileta watu: mkunga aliyemzalisha, askari mwenzake wa kombania, wakati mwingine hata binti wa bwana wa zamani, aseme "walioana nyumbani kwa baba yangu, Krismasi, kabla ya vita". Washington ikiwa na shaka, ilimtuma mkaguzi maalumu apite nyumba kwa nyumba akiandika ushahidi, kila mmoja na herufi yake, A, B, C. Mle ndani mtu anaeleza kwa maneno yake mama yake alikuwa nani, aliuzwa kwa nani, kwa nini aliandikishwa kwa jina la bwana halafu akachukua jina la baba yake baada ya vita. Shaka ya karani ndiyo iliyotuandikia historia. Jalada la askari ambaye hakuna aliyemtilia shaka huwa jembamba.

Suala la jina ndilo linalowaangusha wengi. Kadi ya faharasa ya pensheni ina nafasi ya jina la pili. Msitafute jina moja tu. Tafuteni kwa rejimenti na kombania, kwa sababu kuna faharasa iliyopangwa hivyo, mkapitia watu wote wa kombania E kwa mfano, mkimtazama mke na kaunti. Kadi ina namba nne au zaidi: ombi la askari, cheti cha askari, ombi la mjane, cheti cha mjane. Mkiagiza, andikeni zote, na mkazie ya mwisho. Mjane alipopata pensheni, jalada la mumewe lilihamishiwa ndani ya lake. Aliyeagiza namba ya mume peke yake ameambiwa mara nyingi kwamba hakuna kitu. Kama mjane alilipwa mpaka kuelekea 1930 na kuendelea, namba huanza na XC, na jalada huenda liko kwa idara ya askari wastaafu badala ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa.

Sasa shamba. Kentucky na Kansas ni dunia mbili.

Kentucky ardhi ilipimwa kwa miti na vijito. Hati inasema: kuanzia mwaloni mweupe kwenye kijito, kusini nguzo 40 mpaka jiwe. Nguzo moja ni futi 16 na nusu. Mwaloni umekufa zamani, kwa hiyo fuateni majirani waliotajwa mpakani, hao ndio wataonekana karibu naye kwenye sensa. Lakini wengi hawakununua chochote, walilima kwa kugawana mavuno. Hao watafuteni kwenye orodha za kodi za kaunti, ambazo Kentucky ilizitoa kila mwaka. Mtu asiye na ekari hata moja bado aliandikwa kwa kichwa chake na kwa farasi wake. Mwaka mmoja ana farasi mmoja wa dola 40, mwaka wa pili hana, mwaka wa tatu ana nyumbu wawili. Hiyo ndiyo historia ya maisha yake ya kilimo, mstari kwa mstari. Na mwaka 1866 Kentucky iliwaruhusu walioachwa huru kutangaza ndoa zao mbele ya karani wa kaunti, senti 50 kuandikwa na senti 25 kwa cheti. Wengine walilipa 50 wakaacha cheti. Msitafute cheti nyumbani, tafuteni daftari la karani.

Kansas ardhi ilikatwa kama keki. Mraba wa maili sita kwa sita, ndani yake viwanja 36 vya maili moja, kila kimoja ekari 640, na mkulima akapewa robo: ekari 160. Namba huanzia kona ya kaskazini-mashariki, moja mpaka sita kuelekea magharibi, kisha saba chini yake, zinarudi mashariki kama ng'ombe wa plau. Asiyejua hilo humpeleka babu upande usio wake kwa maili tano. Sheria ya Mei 1862 ilitoa robo hiyo kwa ada za kama dola 18 kwa jumla, kwa sharti ukae miaka mitano, ujenge, ulime. Tangu 1872 askari alipunguziwa muda wake wa jeshi. Yule wetu wa kutunga, Septemba 1864 mpaka Machi 1866, ana miezi 18, kwa hiyo anabakiwa na miaka mitatu na nusu. Hata aliyetumikia muda mrefu alitakiwa akae angalau mwaka mmoja. Ili apate punguzo alipeleka nakala ya cheti cha kuachishwa jeshi, nayo ikabaki ndani ya jalada la ardhi. Familia nyingi zimepoteza cheti nyumbani, kumbe nakala ipo.

Mwaka 1877 zaidi ya watu 300 weusi waliondoka hapa Lexington na Georgetown kwenda kaunti ya Graham, Kansas, kwenye mji wa Nicodemus. Waliambiwa kuna mji. Walikuta nyasi, na watu wanaoishi kwenye mashimo yaliyochimbwa ubavuni mwa ardhi, moshi ukitoka chini. Baadhi yao walirudi. Waliobaki, kuna waliolima bila plau, kwa jembe la mkono. Wakati wa kuthibitisha shamba ulipofika, mkulima alijibu fomu: nyumba futi ngapi kwa ngapi, madirisha mangapi, kisima futi ngapi, ekari ngapi zimevunjwa, miaka mingapi amevuna. Gazeti lilitangaza majina manne ya mashahidi, wawili wakaitwa. Wachunguzeni hao wanne, mara nyingi ni shemeji, kaka, au mwenzake wa kombania.

Na hapa kuna tanzi. Hati za umiliki ziko mtandaoni, mtu anaandika jina, hakuna, anasema babu hakuwahi kuomba ardhi. Hati ilitolewa kwa aliyemaliza tu. Aliyeshindwa na ukame au nzige akaacha mwaka wa tatu hana hati, lakini yumo kwenye daftari la viwanja, jina lake limepigwa mstari, na jalada lililofutwa huenda lipo na lina barua.

Sensa nizipitie haraka. Ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika wote walioachwa huru kwa majina. Ya 1880 inasema kila mtu ni nani kwa mwenye nyumba, na ina jedwali la kilimo: anamiliki, anapanga, au anagawana mavuno. Mazao yale ni ya 1879, mifugo ni ya siku ya kwanza ya Juni 1880, msiwajumlishe kama ni mwaka mmoja. Ya 1890 iliharibiwa na moto wa Washington Januari 1921. Orodha maalumu ya askari ya mwaka huo imebaki kwa sehemu ya Kentucky na majimbo yanayoifuata kwa alfabeti, Kansas imepotea. Lakini Kansas ina dawa yake: sensa ya jimbo ya 1885 na ya 1895 ziliandika rejimenti na kombania ya askari, na jimbo alilotoka kuja Kansas. Mnapomkosa 1890, nendeni huko. Ya 1910 ina safu ndogo kulia kabisa: UA ni jeshi la Muungano, yaani la serikali ya Marekani, CA ni jeshi la Kusini. Waandishi wa tovuti huisahau, fungueni picha yenyewe.

Kuvuka 1870 kwenda nyuma kunataka jina la bwana. Orodha za watumwa za 1850 na 1860 zina umri, jinsia na rangi tu. Jina pekee ni la mwenye mali. Msibahatishe kwamba jina la ukoo la askari ndilo la bwana wake wa mwisho. Fungueni tena jalada la utumishi. Sheria ya Februari 1864 ilimruhusu bwana mtiifu kwa Muungano kudai hadi dola 300 kwa mtumwa aliyeingia jeshini, na akidai alipaswa kuthibitisha umiliki: alimnunua kwa nani, au alimrithi kwa nani. Madai hayo yameshikizwa humohumo kwenye bahasha ya askari, nyuma ya kadi za mahudhurio, na watu huacha kufungua wakishaona kadi. Fungueni mpaka ukurasa wa mwisho.

Mkipata kwamba alirithiwa, nendeni mahakama ya kaunti mkaombe orodha ya mirathi ya yule marehemu. Ni karatasi ndefu: majembe, vitanda, ndama, na katikati watu, kila mmoja na bei. Mtoto wa miaka minne ambaye miaka 20 baadaye atapanda kilima cha Saltville anaweza kuwa mstari mmoja juu ya farasi jike. Mkiomba nakala, ombeni orodha ya thamani na ile ya mgawanyo pamoja. Ya kwanza inawataja wote, mama na watoto wakifuatana. Ya pili ndiyo inayoonyesha nani alipelekwa kwa mrithi gani, na mama alibaki wapi.